Tuliyoyaona katika Ukuta wa Ávila

Mlituambia tukirudi kutoka Uhispania tusiwaletee habari za ndege na hoteli. Basi tutawaambia juu ya mji mmoja tu, Ávila.

Mji huu uko juu, zaidi ya mita 1,100, na kutoka Madrid kwa treni ni kama saa moja na nusu. Baridi yake, wacha tu! Mji wa kale umezungukwa na ukuta wa mawe wa kilomita 2.5 hivi, wenye malango 9 na minara zaidi ya 80. Nyinyi mliofika Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, mjue ukuta huu unaizidi umri kwa miaka kama mia nne.

Tulipanda juu tukatembea. Hata kanisa kuu limeshikana na ukuta. Upande wake wa altare ni mnara wa ulinzi. Mawe mengine yalitolewa katika makaburi ya Warumi yakatumiwa tena. Waashi hawakutupa kitu.

Mama mmoja wetu akauliza: je, ukuta ukibomoka, nani alikuwa anautengeneza? Kumbe ilikuwa kazi ya mji mzima. Wapanda farasi walishika zamu ya ulinzi, wakulima walileta mawe na mchanga, Waislamu matofali na chokaa, Wayahudi chuma. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, kama tunavyochanga hapa.

Tungependa kuishia hapo, lakini haingekuwa haki. Mwaka 1492 Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella waliamuru Wayahudi wabatizwe au wahame nchi. Mwaka 1502 Waislamu wa Castile wakapewa amri kama hiyo, na kuanzia 1609 hata wajukuu wa Waislamu waliobatizwa walifukuzwa. Ukuta ambao wazee wao waliutunza haukuwakinga, maana hatari ilitoka ndani.

Leo picha ya Mtakatifu Teresa, aliyezaliwa mwaka 1515 na kukulia humo, iko karibu kila duka. Babu yake alikuwa mfanyabiashara wa Toledo, wa ukoo wa Kiyahudi, aliyebatizwa. Mama yule aliposikia hayo alinyamaza, akarudi kuyagusa mawe. Tulimngoja hapo langoni mpaka treni ikakaribia kutuacha.

Sasa ulizeni maswali. Picha tulizopiga zinapitishwa. Tafadhali mzirudishe zote.