Tandiko la goti: namna ya kuchagua linalofaa

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wetu hapa Goma. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa, ili hata waliokosa kufika wayapate.



Nimepewa nafasi ya kusema juu ya kitu kidogo: kile kipande cha mpira au cha musi ambacho mtu wa chukudu anaweka chini ya goti. Wengine wanakiita mutambara, wengine wanakiita kimto. Mimi nitakiita tandiko, sawa vile tunavyosema tandiko la punda. Najua kuna mtu anasema moyoni: tumerudi tukakuta mashamba yamejaa majani na nyumba hazina mabati, na huyu anatuletea habari ya kitambaa cha goti? Ndiyo, ndugu. Nipeni dakika chache.

Nianze na wafadhili, kwa maana wengine hawajaona chukudu. Ni kigari cha mti chenye magurudumu mawili na usukani, magurudumu yamevikwa mpira wa matairi ya zamani. Kazi hii ilianza hapa Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Chukudu kubwa inabeba kilo 400 na kupita: viazi, makabichi, karoti, makala, mbao. Katika mji wetu kuna sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, iliyozinduliwa mwaka 2009. Barabara ikiwa tambarare na mzigo ukiwa wa kiasi, mtu anapiga goti moja juu ya ubao, na kwa mguu mwingine anasukuma chini. Kwenye mteremko anasimama juu yake. Kwenye mlima anashuka na kusukuma kwa mabega.

Basi tunapohesabu mali ya chukudu tunataja mti, magurudumu, resori na kamba. Lakini moteri yake ni mtu, na goti ni sehemu ya ile moteri. Gurudumu likivunjika, fundi analichonga lingine. Goti halina duka la piesi.

Na hapa ndipo jambo linagusa chama. Chukudu zetu ni za mkopo wa kuzunguka: mmoja analipa kidogokidogo, pesa inanunua chukudu ya mwingine. Goti likivimba, mtu analala nyumbani wiki mbili, tatu. Chukudu inasimama ukutani. Malipo hayaji, na yule anayengoja zamu yake anaendelea kungoja. Nimesikia vijana wakisema: "Goti inaniuma, lakini nikilala batoto banakula nini?" Basi anapanda na goti bovu, na wiki mbili zinakuwa miezi miwili.

Wanaopanda farasi wamelifikiri jambo hili kuliko sisi. Huko Marekani, wachunga ng'ombe wanatumia tandiko kubwa la ngozi lenye mifupa ya mti ndani yake, zito, la kazi ya kutwa nzima. Kati ya lile tandiko na mgongo wa farasi wanaweka kitambaa kinene, mara nyingi cha sufu iliyoshindiliwa, unene wake kama sentimita 2 au 2 na nusu. Wanachagua kile kitambaa kwa uangalifu sana, kwa sababu farasi hasemi kwamba anaumia. Ataendelea kutembea mpaka mgongo utoke kidonda. Na wenye punda, kule Lamu ama Etiopia, wanajua vilevile: punda aliyetandikwa vibaya ni kazi iliyokufa.

Sisi tuna bahati, maana sisi tunaweza kusema. Lakini wengi wetu tunanyamaza kama farasi. Basi tuchukue akili yao katika mambo manne.

La kwanza ni unene. Watu wanafikiri kinene zaidi ndicho kizuri zaidi. Wa farasi wanakataa. Wanasema ukivaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana, hujatengeneza kiatu, umekifanya kibane zaidi. Kitambaa kikiwa kinene mno, tandiko linayumba upande kwa upande. Kwa chukudu ni vilevile. Ukiweka musi nene kama mto wa kitanda, goti linapanda juu, usukani unakuwa chini sana kwako, kiuno kinapinda, na mguu unaosukuma haufiki chini vizuri: unasukuma kwa vidole tu. Jioni unalia mgongo, na unadhani ni mzigo. Unene wa vidole viwili vilivyolazwa unatosha kwa watu wengi, mradi kitu chenyewe ni kigumu kiasi.

La pili ni kitu chenyewe. Musi laini ya godoro ni tamu dukani, lakini ukiipigia goti inakwisha, unafika kwenye ubao. Pia inakunywa maji. Na mvua ya hapa mnaijua: tandiko linalowa asubuhi, linakuwa zito, linaoza, ngozi ya goti inalainika na kuchubuka. Soli za kambambili zinavumilia maji na zinakaa kwa muda, lakini peke yake zinateleza na hazipitishi jasho. Kwa hiyo mimi nasema tupange tabaka tatu. Chini kabisa, kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la gari, kishike ubao kisiteleze. Katikati, soli za kambambili mbili au musi ngumu, ile isiyobonyea kwa kidole. Juu, kitambaa cha pamba au kipande cha blanketi la zamani, kinachokunywa jasho, na kinachotoka ili kifuliwe. Bei ya vitu hivi vyote haifiki bei ya gunia moja la makala.

Kuna jaribio rahisi. Weka tandiko juu ya ubao, piga goti kwa uzito wako wote, hesabu polepole mpaka 100. Ukisikia ubao kabla hujamaliza, hilo halifai, hata kama ni jipya.

La tatu ni umbo. Kitambaa kizuri cha farasi kinaachia nafasi juu ya uti wa mgongo, mzigo ukae kwenye nyama za pande mbili na usikae kwenye mfupa. Goti nalo lina mfupa wake wa duara, kile kifuniko cha mbele. Si mahali pa kubebea mwili. Uzito mwingi ukae chini kidogo ya kile kifuniko, juu ya mfupa wa muundi. Kwa hiyo chonga kishimo kidogo cha duara mahali kifuniko kinapoangukia. Usipime kwa goti la fundi, wala la kaka yako. Pima kwa lako. Mtu mrefu na mtu mfupi hawapigi goti mahali pamoja.

La nne ni kufunga. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Misumari iko inaumiza watu. Leo kichwa cha musumari kimezama, kesho musi imechakaa, kichwa kimetokea. Funga kwa kamba au kwa vipande vya mpira vinavyopita chini ya ubao. Kama ni lazima upige musumari, piga pembeni kwenye ukingo, mbali na goti. Kufunga kwa kamba kuna faida nyingine: jioni unatoa tandiko, unalianika, na hakuna anayeliiba usiku.

Sasa, utajuaje kama ulichagua vizuri? Wa farasi wakimaliza safari wanatoa tandiko na kuangalia jasho mgongoni. Likienea sawasawa, vizuri. Wakiona mahali pakavu katikati ya jasho, wanajua pale panabanwa. Baadaye pale panaweza kuota nywele nyeupe, na hizo hazirudi tena kuwa za zamani. Wewe ukifika soko la Virunga, kabla ya kutafuta chai, kunja suruali, angalia goti. Wekundu mwepesi ulioenea na unaokwisha upesi si kitu. Alama moja nyekundu, ndogo kama pesa ya chuma, inayobaki mpaka jioni, ni tandiko linakusemesha. Geuza kile kishimo, badilisha tabaka, usingoje kidonda. Tena, jifunze kubadilisha goti. Wengi wanapiga goti lilelile tangu wakiwa vijana. Mwanzoni utayumba, lakini mwili unazoea.

Mbele ya kile kifuniko cha goti kuna kifuko kidogo chenye majimaji kinachosaidia ngozi iteleze. Kikisuguliwa siku nyingi, kinavimba, goti linakuwa kama lina yai. Hapo ni kupumzika goti na kulikanda kwa kitambaa cha maji baridi. Tafadhali, asikitoboe mtu kwa wembe wala sindano ya nyumbani. Na goti likiwa la moto, jekundu, ukapata na homa, nenda kituo cha afya siku ileile. Hiyo inaweza kuwa ni vijidudu vimeingia, na vinataka dawa ya muganga.

Lakini nisiwadanganye. Tandiko halitengenezi chukudu mbaya. Ubao uliopinda, resori iliyokufa, gurudumu lililotoka mviringo: hayo yote yanapiga goti, hata ungeweka sufu ya farasi. Wa farasi wanasema hivyohivyo juu ya tandiko lisilomtosha mnyama. Na barabara zetu tunazijua. Volkano ya tarehe 17 Januari 2002 ilimwaga mawe katikati ya mji, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikakata barabara ya kwenda Rutshuru. Mpaka leo kuna mitaa tunayotembea juu ya lava tupu. Mtu anayetoka Kibumba, zaidi ya kilometa 20 za kushuka, tandiko lake linatumika tu pale penye tambarare. Kwa muda mwingine mkubwa anasimama na kushika breki. Mtu anayezunguka Birere na Majengo anapiga goti kutwa. Hawa wawili hawahitaji tandiko moja.

Na ba mama wanaobeba mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso? Ninyi pia mko na tandiko lenu, hata kama halina jina. Kamba nyembamba inakata. Mkanda mpana wa vidole vinne au vitano unatawanya uzito. Weka kitenge kilichokunjwa chini ya mkanda, na kingine mgongoni, pale gunia linapokalia kiuno, mifupa ya uti isiguswe. Akili ni ileile: mzigo ukae juu ya nyama, ukae juu ya upana, na kitambaa kiwe kikavu.

Sasa naleta maombi matatu kwa mkutano.

Ombi la kwanza: kila chukudu ya mkopo itoke na tandiko lililopimwa kwa goti la mwenye kuipokea. Asipewe siku anayokuja kusaini tu. Aje, apige goti, fundi achonge, ajaribu, ndipo atie sahihi.

La pili: kwenye malipo ya kila mwezi, sehemu ndogo ibaki katika sanduku la matengenezo. Tandiko linachakaa mbele ya mti. Mtu akileta tandiko lililokufa, apewe vitu vya kutengeneza lingine, bila kuulizwa maswali mingi.

La tatu: anayevimba goti aseme mapema, na komite imsogezee tarehe ya kulipa. Tukimwadhibu anayesema, tutabaki na watu wanaonyamaza.

Kwa wafadhili, nasema asante, na nawaomba jambo moja. Tumesikia kuna wazo la kutununulia matandiko ya aina moja, mazuri, manene, yaliyotengenezwa kiwandani, kwa watu wote. Moyo huo ni mzuri. Lakini kitu cha kipimo kimoja kitamfaa mmoja na kumuumiza mwingine, na baada ya miezi michache kitauzwa sokoni. Pesa hiyohiyo ikinunua mpira, kambambili na blanketi hapahapa, na ikimlipa fundi wa hapahapa siku zake za kupima, itafika kwenye magoti mengi zaidi. Tena fundi huyo anaweza kuwa mmoja wetu aliyerudi.

Siku ya Posho asubuhi nitakuwa kwenye ofisi ya chama na kisu, kamba na mipira. Kila mtu wa chukudu alete tandiko lake la sasa, hata kama ni kipande cha gunia, na avae suruali inayokunjika. Tutaangalia goti kwanza, kisha tandiko, kisha ubao. Ba mama waje na mikanda yao.