NANI ANALIPA HESABU? KAHAWA YETU, SOKO LA DUNIA NA TABIANCHI

Mada iliyotolewa na mwanachama wetu, mhasibu kwa taaluma, katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama, Dar es Salaam, Desemba 2025



Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya umaskini uliokithiri, uchumi wa dunia na mabadiliko ya tabianchi, na jinsi mambo hayo matatu yanavyohusiana. Nikamwambia, "Katibu, mimi ni mhasibu. Mambo ya mvua waulize wataalamu wa mvua." Akanijibu, "Wewe tueleze tu fedha inapotelea wapi." Basi hilo nitajaribu, na nitatumia mfano ambao kila aliyemo humu ndani anaujua: mbuni wa nyumbani.

Kihamba cha mama

Wengi wetu hapa tumesomeshwa na kahawa. Baba alikuwa na kihamba kisichofika ekari moja, migomba juu, mibuni chini, mfongo ukipita pembeni. Kahawa ilikuwa ya baba na ndiyo iliyolipa karo. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama na ndivyo vilivyotulisha.

Mwaka 2001 mimi nilikuwa chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Mdogo wangu wa kike alimaliza kidato cha nne mwaka huo huo, na matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu kwenda kidato cha tano. Baba alipeleka kahawa ile ile aliyozoea kupeleka, magunia yale yale, lakini fedha iliyorudi haikutosha karo, nauli na godoro. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja, basi kidogo kilichopatikana kikaja kwangu. Mdogo wangu akabaki nyumbani "kusubiri mwaka ujao". Mwaka ujao huo haujafika mpaka leo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba alizembea shamba. Nimekuja kuielewa hesabu ile nikiwa mtu mzima, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Bei inapangwa wapi?

Kahawa yetu ya arabika huuzwa mnadani Moshi, lakini mnada wa Moshi hutazama bei ya New York, ambako kahawa huhesabiwa kwa senti za dola kwa ratili. Tanzania nzima haifikishi hata asilimia 1 ya kahawa ya dunia. Kwa hiyo hatupangi bei, tunapokea iliyopangwa.

Kuanzia mwaka 1962 kulikuwa na Makubaliano ya Kimataifa ya Kahawa, ambayo yaliweka viwango vya kiasi gani kila nchi iuze nje, ili bei isianguke. Julai 1989 viwango hivyo vilisitishwa kwa sababu nchi zinazouza na zinazonunua zilishindwa kuelewana. Bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 nasi tukafungua soko letu kwa wanunuzi binafsi, na ule utaratibu wa mkulima kukopeshwa dawa na mbolea na ushirika ukadhoofika. Wakati huo huo Vietnam ilikuwa inapanda kahawa kwa kasi, hadi ikawa ya pili duniani nyuma ya Brazil. Mwaka 2001 bei ya New York ilishuka chini ya senti 50 kwa ratili.

Ndugu zangu, baba hakuzembea. Mwaka ule bei ilianguka kuanzia Mbinga hadi Ethiopia na Amerika ya Kati, na wakulima wadogo wakaondoa watoto shuleni. Mdogo wangu alikosa kidato cha tano kwa uamuzi uliofanywa na watu ambao hawakujua kama yupo.

Upande wa pili wa daftari ni manunuzi. Mbolea nyingi ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, gesi ikapanda, mbolea ikapanda, dizeli ikapanda, na mama mwenye migomba 40 akalipia. Mkulima wetu anauza kwa bei ya dunia na ananunua kwa bei ya dunia, na pande zote mbili hana sauti.

Joto limeingiaje kwenye hesabu?

Mbuni wa arabika ni mti wa ubaridi. Unahitaji kipindi cha ukavu, kisha mvua, ndipo utoe maua kwa pamoja. Mvua ikija vipande vipande, maua nayo huja vipande vipande. Usiku ukiwa na joto, matunda huiva haraka kabla hayajajaa, na wadudu waliozoea tambarare hupanda mlimani.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliotumia takwimu za kahawa ya arabika ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Uligundua kwamba kila joto la chini la usiku linapoongezeka kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mavuno hupungua kwa takriban kilo 137 kwa hekta. Nikaigeuza kwa kipimo chetu: ni kama kilo 55 kwa ekari. Kwa mwenye kihamba, hiyo ni karo ya mtoto inayopotea bila mwizi kuonekana.

Hapa nisahihishe jambo moja tunalopenda kusema. Tunasema chemchemi zinakauka kwa sababu barafu ya Kibo inayeyuka. Ni kweli barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Lakini wataalamu wanatuambia sehemu kubwa ya maji yetu hutoka kwenye msitu, unaopokea mvua na ukungu, na siyo kwenye barafu. Nalisema hili kwa sababu barafu hatuna uwezo wa kuirudisha. Msitu, miti ya vihambani na mifongo tuna uwezo nayo. Tusiifanye barafu kuwa kisingizio.

Gharama haipotei

Katika uhasibu kuna jambo moja tunalofundishwa mapema: gharama haipotei. Usipoiandika kwenye kitabu chako, ujue imeandikwa kwenye kitabu cha mtu mwingine.

Makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa tangu viwanda vilipoanza Ulaya na Marekani yalileta faida, na faida iliandikwa. Moshi haukuandikwa popote. Makadirio yanaonyesha kwamba asilimia 10 ya watu wenye kipato kikubwa zaidi duniani ndio wanaohusika na karibu nusu ya hewa ya ukaa inayotolewa kila mwaka, wakati bara zima la Afrika ni kama asilimia 4. Ile gharama ambayo haikuandikwa kule imekuja kuandikwa kwenye kihamba cha mama yangu, kilo 55 kwa ekari.

Benki ya Dunia mwaka 2025 ilipandisha kipimo cha umaskini uliokithiri hadi dola 3 kwa mtu kwa siku, ikizingatia tofauti ya gharama za maisha kati ya nchi na nchi. Wanaoishi chini ya hapo ni zaidi ya watu milioni 800, na wengi wao wako Afrika kusini mwa Sahara, wanalima. Mtu wa namna hiyo hana bima wala akiba. Mvua ikikosekana msimu mmoja, anauza mbuzi. Msimu wa pili anauza bati. Wa tatu anakata mti ili auze mbao au kuni, na mti ule ndio uliokuwa unamlinda na msimu wa nne. Hivyo ndivyo umaskini na tabianchi vinavyosukumana, na soko la dunia linakaa katikati likiamua mbuzi yule auzwe kwa bei gani.

Mataifa tajiri yaliahidi Copenhagen mwaka 2009 kwamba kufikia 2020 yatakuwa yakitoa dola bilioni 100 kila mwaka kusaidia nchi maskini. Kiwango hicho kilifikiwa mara ya kwanza mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha za umma zilizotolewa ilikuwa mikopo. Mfuko wa hasara na uharibifu nao ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Ni haki kuudai. Lakini kama mhasibu nawaambia, ahadi haiandikwi kama fedha taslimu. Tuendelee kudai, huku mfongo ukizibuliwa.

Kosa langu mwenyewe

Sasa nijikosoe, maana si vizuri kuhesabu makosa ya watu tu.

Mwaka 2012, baba akiwa ameshafariki, nilikwenda nyumbani Krismasi nikiwa na kompyuta mpakato. Nikakaa na mama barazani, nikaandika mapato ya kahawa na gharama za dawa, mbolea na vibarua. Hesabu ikatoa hasara. Nikamwambia, "Mama, ng'oa mibuni." Akasita. Akasema kahawa ni ya baba yako. Nikamwonyesha tarakimu. Mama hakusoma tarakimu zile, alinisikiliza kwa sababu nimesoma. Mibuni ikang'olewa, na miti miwili ya kivuli ikakatwa ili mahindi yapate jua.

Mahindi yalikubali miaka mitatu. Baadaye udongo ukaanza kushuka na mvua, na jua likaunguza hata migomba.

Kosa langu lilikuwa nini? Niliandika bei ya mwaka mmoja kana kwamba ndiyo bei ya milele. Na kivuli, udongo na unyevu sikuviandika kabisa, kwa sababu havikuwa na risiti. Nilifanya kwenye kihamba cha mama kile kile ninacholaumu viwanda kukifanya duniani.

Februari 2025, baada ya ukame kuipiga Brazil, bei ya New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho kilikuwa hakijawahi kufikiwa kabla ya hapo. Nikampigia simu mdogo wangu, yule aliyebaki nyumbani, ambaye leo ndiye anayemtunza mama. Nikamwambia bei imepanda. Akacheka kidogo, akasema, "Ndiyo kaka, tumesikia. Sasa tutachuma nini?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Ukame wa Brazil ulileta fedha sokoni, lakini fedha ile iliwapita walio maskini zaidi, kwa sababu miaka mibaya ilikuwa imeshawanyang'anya miti. Bei nzuri haimsaidii aliyekwisha kuangushwa na bei mbaya.

Tunaloombwa mwaka huu

Kamati imeleta mapendekezo mawili. La kwanza ni kuongeza ukumbi wa kijiji. La pili ni kukarabati mfongo mkuu, kuanzisha kitalu cha miche ya kahawa na miti ya kivuli, na kuwa na mfuko mdogo wa karo. Mimi naomba tuanze na la pili. Ukumbi unapendeza kwenye picha, nami sina ugomvi nao. Lakini tunautumia Desemba, na nyumba zetu nyingi kule pia zinafunguliwa Desemba. Waliobaki wanahitaji maji mwezi Januari.

Kuhusu miche, hatuanzi gizani. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kipo pale pale Lyamungu, na kimetoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Tupande hizo, chini ya kivuli, pamoja na migomba, kama babu zetu walivyofanya. Tusirudie kumwambia mtu ategemee zao moja.

Jambo jingine ni vipimo vya mashamba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye eneo lililokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na ionyeshwe shamba ilikotoka. Utekelezaji umeahirishwa, lakini haujafutwa. Vijana wetu wenye simu wanaweza kuchukua vipimo hivyo Desemba hii wakiwa nyumbani, bila gharama kwa mama mwenye robo ekari.

La mwisho, naomba tubadilishe kitu kimoja katika kanuni zetu. Kila kaya kijijini hudaiwa mchango sawa. Kuna kaya ambazo zikidaiwa mchango, zinauza kuku wa mwisho ili zisiaibike. Kaya hizo zisamehewe fedha, na atakayependa afanye kazi ya siku moja kwenye mfongo, na siku hiyo iandikwe daftarini kama mchango kamili. Tusiwe sisi nao tunaohamishia gharama kwa asiye na sauti.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa Mweka Hazina. Mimi nimejaza yangu, na nimeongeza miche ya kihamba cha mama, ambayo nitalipia mwenyewe kwa sababu lile ni deni langu. Nimejitolea pia kukagua hesabu za mradi huu bila malipo. Kila senti itasomwa mbele yenu mwakani, na risiti zitakuwepo.