MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: PIPI ZA SIKUKUU NA MENO YA WATOTO



Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Desemba uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru upande wa Zambia, na haufunguliwi mpaka mwezi wa Februari umalizike. Shabaha ni kuwapa samaki nafasi ya kuzaa. Wiki chache baada ya nyavu kuanikwa huingia Krismasi na Mwaka Mpya, na askari aliyepata likizo hurejea kwao Kashikishi, au Mwansabombwe karibu na maji ya Mofwe, akiwa na mfuko begani. Ndani ya mfuko huo, pamoja na kitenge cha mama watoto, hazikosi pipi.

Hatukusudii kumlaumu baba huyo. Mtu aliyekaa kambini miezi mingi hawezi kuingia nyumbani mikono mitupu, na mtoto anayemkimbilia mlangoni ana haki yake. Tunalotaka kulizungumza leo ni namna pipi hizo zinavyoliwa.

Katika nyumba nyingi mama huzificha pipi, kisha akatoa moja asubuhi, moja mtoto anapolia, moja anapotumwa dukani, na moja ya kumbembeleza alale. Pakiti hudumu siku nne au tano, na wote husifu kwamba mtoto amekula kwa kiasi. Ndugu wasikilizaji, kwa upande wa meno, uangalifu huo ndio wenye madhara zaidi.

Juu ya meno ya kila mtu kuna ukoga, na ndani ya ukoga huo wamo vijidudu. Vipatapo sukari huigeuza kuwa tindikali katika muda wa dakika chache, na tindikali hiyo hulainisha ngozi ngumu ya jino. Mate huja kuiondoa na kulirudishia jino madini yake, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa au zaidi. Mtoto anayemumunya pipi kila baada ya muda mfupi, tangu saa mbili asubuhi mpaka usiku, huyanyima mate nafasi hiyo. Jino lake ni sawa na ziwa linalovuliwa mwaka mzima bila kufungwa.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, wachunguzi waliwapa sukari kwa njia mbalimbali watu wenye ulemavu wa akili. Uchunguzi ule ni wa kulaaniwa, kwa maana watu wale hawakuombwa ridhaa yao. Hata hivyo matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 1954, yalikuwa wazi: waliokula sukari pamoja na chakula walitobokwa meno kidogo tu, bali waliokula tofi za kunata kati ya mlo na mlo waliharibikiwa vibaya. Ndipo wazazi wa Uswidi waliposhauriwa kuwapa watoto pipi Jumamosi tu, na desturi hiyo ingali inajulikana huko.

Basi askari aliye likizoni na ampe mtoto fungu lake mara moja, baada ya chakula cha mchana, ale amalize, kisha anywe maji. Soda na munkoyo iliyotiwa sukari zifuate utaratibu huo huo. Chupa isishikwe mkononi mchana kutwa. Usiku, mate yanapopungua, kitu kitamu kisiingie kinywani baada ya mswaki. Dawa ya meno iwe yenye madini ya floridi, kiasi cha punje ya njegere kwa mtoto aliyetimiza miaka mitatu, na kwa mdogo zaidi ipakwe kidogo tu. Mswaki aushike mtu mzima. Mtoto wa miaka minne hucheza nao tu.

Wapo wasemao kwamba meno ya utotoni yatang'oka, kwa nini tujisumbue? Wanasahau kwamba karibu na umri wa miaka sita gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa, pasipo jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi hulidhani ni la utotoni, likaachwa lioze, na hakuna jingine litakalokuja mahali pake. Tena hayo ya utotoni yenyewe huuma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba watoto milioni 514 duniani wameoza meno ya utotoni. Mtoto wa namna hiyo halali usiku, hali vizuri, na darasani hasikii anachofundishwa.

Kwa mkazi wa Kisiwa cha Kilwa, katika Ziwa Mweru, gego likiuma usiku hakuna njia ila kungoja mashua ya kwenda nchi kavu, na Desemba ni mwezi wa mvua na dhoruba. Maumivu ya kawaida huenda yakangoja asubuhi. Lakini shavu likivimba na mwili ukawa na homa, usaha umekwisha kuingia ndani, na dawa za kutuliza maumivu hazitatosha. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama baba amebakiwa na siku moja tu ya likizo.