Kompyuta ya dola 35: tuulize bei pamoja, tusigombane

Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati ya wahamishwa, karibu na Bunia



Tumekuja kwanza kuomba radhi. Tuliwaambia kwamba kuna kompyuta ndogo ya dola 35 ya kuwasaidia watoto waliokosa masomo. Kila kundi lilichanga. Kisha fakture ilipokuja ikaonyesha pesa nyingi zaidi, na maneno yakaanza: "Nani amekula makuta?" Watu wa upande wa juu wa kambi wakawashuku wa upande wa chini, na wote wakatushuku sisi. Hakuna aliyeiba. Kosa ni letu: tulitaja bei ya kipande kimoja kana kwamba ni bei ya kazi yote.

Leo tuieleze wazi.

Kompyuta hiyo huitwa Raspberry Pi. Ni kibao chenye ukubwa wa kadi ya kupigia kura. Wataalamu wa Cambridge, Uingereza, waliibuni ili watoto wajifunze kompyuta kwa bei ndogo, na ilianza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35. Lakini kwa pesa hizo unapata kibao kitupu: hakina kioo, kibodi, chaja wala kadi ya kumbukumbu. Hapa kwetu, pasipo na umeme, tunahitaji pia sola na batri. Tena vibao vingi hutengenezwa Wales, katika kiwanda cha Sony. Hadi kufika Bunia kuna usafiri, forodha na faida ya kila muuzaji.

Jambo la pili: bei haikai mahali pamoja. Mwaka 2021 chipu zilikosekana duniani. Oktoba mwaka huo Raspberry Pi 4 ya kumbukumbu ya GB 2 ilipandishwa kutoka dola 35 hadi 45. Vibao vikawa adimu, na wachuuzi wakavificha na kuviuza kwa bei ya juu mno. Nafuu ilirudi 2023. Kisha Desemba 2025 bei ikapanda tena, kwa sababu kampuni za akili bandia zinanunua kumbukumbu kwa wingi: Raspberry Pi 5 ya GB 4 ilitoka dola 60 hadi 70. Kwa hiyo bei ya mwaka jana si ahadi ya mwaka huu.

Kuna na uchungu mwingine tunaoujua wote. Vyombo vya elektroniki huhitaji tantalamu inayotoka katika koltani, na bati linalotoka katika kasiterite. Milima ya Kivu ina vyote viwili, na watu wamekimbia vijiji kwa sababu ya vita karibu na machimbo. Udongo unaondoka kwa bei ndogo, chombo kinarudi kwa bei kubwa. Hasira hiyo ina haki yake, lakini tusiitupe juu ya jirani aliyetunza sanduku la michango.

Tunapendekeza hivi:

1. Kila upande uchague watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja. Wao waulize bei katika maduka matatu kabla ya mchango wowote.
2. Bei ya kila kipande iandikwe ubaoni: kibao, kioo, kadi, chaja, sola, usafiri.
3. Tusimlipe mtu anayesema chombo "kiko njiani". Tukione kwanza, tukiwashe, kisha tulipe.
4. Tusikimbilie kipya. Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016 inatosha kwa kusoma vitabu na Wikipedia ya Kiswahili bila intaneti, kwa programu ya Kiwix.
5. Saa za kutumia zigawanywe sawa kwa pande zote, na wasichana wasiachwe nyuma.

Michango yenu yote ipo, na daftari hili hapa. Kila mmoja aje alione jina lake. Ninyi ndio mtakaoamua: turudishe pesa, au tuendelee kwa bei ya kweli. Uamuzi wowote mtakaochukua pamoja, tutaufuata. Tunaomba tu kwamba pande mbili zikae katika kikao kimoja, si kila upande peke yake.