Uvimbe Sugu wa Matumbo na Wajibu wa Chama
Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Handeni na Korogwe



Katika mikutano ya vyama huzungumzwa bei ya mahindi na mkonge, mizani, pembejeo na marejesho ya mikopo. Afya ya mwanachama hutajwa kwa nadra, na maradhi ya tumbo hayatajwi kabisa, kwa kuwa watu wazima huona haya kusema habari za choo mbele ya wenzao. Hata hivyo yako maradhi ambayo haya hiyo huyaongezea uzito. Mazungumzo haya yanahusu mojawapo, yaani uvimbe sugu wa matumbo, na hasa siku za mwanzo ambapo mtu ametoka hospitali akiwa ameambiwa jina la ugonjwa wake kwa mara ya kwanza.

Chukulieni mfano wa katibu wa chama cha msingi. Kwa miezi minane amekuwa akihara, na choo chake kina damu na kamasi. Amenunua dawa ya amiba dukani mara nne, akapata nafuu ya siku chache, kisha hali ikarudi palepale. Amepungua mwili hata nguo zinampwaya. Siku ya mkutano mkuu alitoka nje mara tatu katikati ya kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na wanachama wakaanza kunong'ona kwamba anakimbia maswali ya fedha. Huyu ni mtu wa mfano tu, lakini yaliyompata yaweza kutokea kesho katika chama chochote.

Ugonjwa wenyewe

Uvimbe sugu wa matumbo una sura kuu mbili. Ya kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hushika utando wa ndani wa utumbo mpana na kuufanya uvimbe, uchubuke na kutoa damu. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, ambao waweza kushika mahali popote tangu kinywani hadi njia ya haja kubwa, na huzama ndani ya ukuta wa utumbo, hata pengine huuziba au kuutoboa. Jina hilo latokana na Daktari Burrill Crohn wa New York, aliyeueleza ugonjwa huo pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Yafaa ifahamike kwamba haya si yale yanayoitwa kwa kawaida vidonda vya tumbo, ambavyo hukaa juu zaidi, katika mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba, na vina dawa zake nyingine.

Katika maradhi haya kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huushambulia utumbo wenyewe. Urithi una sehemu yake, na mazingira pia, lakini hakuna chanzo kimoja kilichothibitishwa. Lililo wazi ni kwamba ugonjwa hauambukizi. Hauhami kwa kikombe, kwa kitanda wala kwa kupeana mikono. Si Ukimwi, si mchango, wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Mara nyingi huanza ujanani, katika umri ambao mtu ndio kwanza anajenga nyumba na kusomesha watoto.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Waafrika hawapatwi na maradhi haya. Lakini mwaka 1964 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha habari za Waafrika wanne wenye kolaitisi ya vidonda, na tangu hapo wagonjwa wameendelea kuonekana katika nchi mbalimbali za bara hili. Hata leo ugonjwa huu ni wa nadra kwetu ukilinganishwa na kuhara kunakoletwa na vijidudu. Ndiyo sababu hugunduliwa kwa kuchelewa.

Safari ya kuupata ukweli

Mganga wa zahanati hafanyi kosa anapoanza kutafuta amiba, kuhara damu kwa bakteria au kichocho cha matumbo, maana hayo ndiyo ya kawaida na yanatibika. Kosa ni kurudia dawa ileile mara kwa mara bila kipimo. Mtu anayehara zaidi ya majuma manne, au anayeona damu chooni inayorudi baada ya matibabu, hana budi kuomba barua ya rufaa. Kwa mkazi wa Korogwe njia huanza katika Hospitali ya Magunga, na kwa mkazi wa Handeni katika hospitali ya wilaya. Kutoka hapo huenda Bombo, Tanga, na ikihitajika KCMC, Moshi, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Huko choo hupimwa, damu hupimwa, kisha mpira mwembamba wenye kamera huingizwa kutazama utumbo mpana na kuchukua vipande vidogo vya nyama ili vikaguliwe kwa hadubini. Zoezi hilo linatia wasiwasi, lakini lina faida kubwa, kwa sababu kifua kikuu cha matumbo hufanana mno na ugonjwa wa Crohn. Tofauti yake si ndogo. Dawa zinazotuliza ugonjwa wa Crohn hupunguza kinga ya mwili, na mwenye kifua kikuu akipewa dawa hizo peke yake aweza kuangamia. Vivyo hivyo aina fulani ya minyoo iliyojificha mwilini yaweza kuenea kwa hatari chini ya dawa hizo. Mgonjwa asichoke basi anapoona vipimo vinakuwa vingi.

Dawa na makosa ya kuepuka

Dawa ya kumaliza kabisa ugonjwa huu haijapatikana, lakini wagonjwa wengi huweza kutulia kwa miezi na hata miaka. Salfasalazini, iliyobuniwa kwa juhudi za daktari mwanamke wa Sweden, Nanna Svartz, katika miaka ya 1930 na 1940, bado hutumika kwa kolaitisi. Kwa kuwa ndani yake mna salfa, mtu aliyewahi kutokwa na vipele vikali au kuvimba baada ya kumeza SP ya malaria sharti amweleze daktari mapema. Ugonjwa ukipamba moto hutolewa dawa za jamii ya kotisoni, kama prednisoloni. Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Oxford walionyesha kwa majaribio kwamba kotisoni huwapa nafuu wagonjwa wengi wa kolaitisi ya vidonda. Ziko pia dawa nyingine za kuzuia ugonjwa usirudi, na pengine upasuaji huhitajika.

Makosa manne huwaponza wagonjwa wapya. La kwanza ni kuacha prednisoloni ghafla baada ya kupata nafuu. Mwili uliozoea dawa hiyo huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na mtu aweza kuanguka na kuzimia. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo ya daktari. La pili ni kinyume chake: kununua prednisoloni dukani na kuimeza mwaka mzima, hata mifupa ikadhoofu na sukari ikapanda. La tatu ni kumeza diklofenaki au ibuprofeni kwa kila maumivu, maana dawa hizo zaweza kuuamsha ugonjwa. La nne ni kuuza shamba au ng'ombe kumlipa mtu anayeahidi kuuondoa ugonjwa kwa siku saba. Hapo ahueni inayokuja yenyewe, kama ilivyo tabia ya ugonjwa huu, huhesabiwa kuwa kazi ya mganga, na shamba halirudi.

Kuhusu chakula, hakuna mlo unaoponya wala mlo mmoja unaowafaa wote. Wakati ugonjwa umewaka, uji laini, wali, ndizi mbivu, viazi, mayai na samaki huvumilika zaidi kuliko maharage, mahindi ya kuchoma na mboga zenye nyuzi nyingi. Ugonjwa ukitulia, mgonjwa hurudia chakula chake cha kawaida pole pole. Asijinyime kila kitu kwa hofu, kwa kuwa tayari amepungukiwa damu na nguvu. Daftari dogo la kuandika alichokula, idadi ya kwenda choo na dawa alizomeza litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka.

Dalili zifuatazo hazingoji siku ya kliniki: kwenda choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku pamoja na homa au mapigo ya moyo kwenda mbio, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika bila kupata choo wala upepo, au kuzimia. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Aidha, kolaitisi iliyokaa miaka minane au zaidi huongeza hatari ya saratani ya utumbo, na kwa hiyo uchunguzi wa mara kwa mara haufai kuachwa hata kama mtu anajisikia mzima. Mama anayetaka kupata mimba azungumze na daktari kwanza, maana ni heri ashike mimba ugonjwa ukiwa umetulia, na asitupe dawa kwa kudhani anamwokoa mtoto.

Wajibu wa chama

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mtu hutoa siri yake pale tu anapojua kwamba itatunzwa. Wajibu wa kwanza wa Bodi basi ni kutunza siri. Katika kumbukumbu za mkutano yatosha kuandika "sababu za afya"; jina la ugonjwa halina nafasi humo.

Pili, kazi ya fedha isiachwe mikononi mwa mtu mmoja. Katibu akiugua, makabidhiano yafanywe kwa maandishi mbele ya mashahidi, stakabadhi zihesabiwe, na msaidizi ateuliwe. Utaratibu huo humlinda mgonjwa dhidi ya tuhuma, na hulilinda shina la chama, yaani imani ya wanachama.

Tatu, mwanachama mwenye mkopo ajitokeze kabla ya tarehe ya marejesho kupita, na Bodi izingatie kuupanga upya kwa kadiri masharti ya chama yanavyoruhusu. Mkopo uliopangwa upya hulipika, lakini mkulima aliyekimbia kijiji kwa aibu hamlipi mtu.

Nne, ghala na ofisi ziwe na choo safi chenye maji, na mgonjwa aruhusiwe kukaa karibu na mlango na kupimiwa mazao yake mapema bila kusimama foleni ya saa nyingi. Katika Handeni, ambako maji ni ya shida wakati wa kiangazi, pipa moja lililojazwa kabla ya mkutano laweza kuamua kama mtu atahudhuria au atabaki nyumbani.

Tano, palizi haingoji afya ya mtu. Siku moja ya kazi ya ujima katika shamba la aliyelazwa hospitali huokoa chakula cha mwaka mzima cha nyumba yake.

Yule katibu wa mfano, akiisha kupimwa na kuanza dawa, aweza kurudi mezani kwake na kufanya kazi kwa miaka mingi. Lililobaki ni kwamba siku atakapotoka hospitali na barua yake mfukoni, akute vitabu vimetunzwa, nafasi yake ipo, na hakuna aliyemhukumu kwa kutoka nje mara tatu. Inapendekezwa kwamba kila Bodi iliweke jambo hili katika ajenda ya kikao chake kijacho, kabla hajatokea mtu wa kulihitaji.