WIZI WA VYAKULA NA MALI YA WIZI
Maneno kwa wakulima



Mkulima ana adui wengi: nguruwe wa porini, panya, ndege, fukusi wa mahindi. Hao wote tunajua namna ya kupigana nao. Leo nitasema juu ya adui mwenye miguu miwili.

Mwizi wa shamba haibi mahindi tu. Anaiba na moyo wa mwenye shamba. Mtu akiisha kuibiwa mara mbili, msimu wa tatu analima kidogo. Au anachimba muhogo wake kabla haujakomaa, maana anasema: nikiungoja, wengine wataula. Hivi kijiji kizima kinapungukiwa chakula, hata yule ambaye hakuibiwa kitu.

Dawa yake ni nini? Wengi watajibu upesi: fimbo na kifungo. Ngojeni kwanza. Nitawapa mfano, lakini sitautoa kijijini kwenu, maana kila mmoja angemtazama jirani yake. Nitautoa mbali, katika nchi ya Australia.

Mwezi wa Januari 1788 merikebu 11 za Waingereza zilifika huko, mahali panapoitwa Sydney. Zilileta wafungwa zaidi ya 700, waume kwa wake, pamoja na askari wa kuwalinda. Wengi wa wafungwa hao walihukumiwa kwao kwa sababu ya wizi. Mkubwa wao, gavana, aliitwa Arthur Phillip. Kila mtu alipewa posho kutoka ghalani: kwa juma moja mwanamume alipata karibu kilo 3 za unga, na nyama ya chumvi.

Wizi ulianza mara moja. Tarehe 27 Februari 1788 mfungwa mmoja, Thomas Barrett, alinyongwa kwa kuiba vyakula vya ghala. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu kufika. Je, watu wakaogopa, wakaacha? Hapana. Mwezi wa Machi 1789 ikaonekana kwamba walinzi wenyewe walikuwa wakiiba ghalani. Walitengeneza funguo kwa siri. Siku moja ufunguo ukavunjika ndani ya kufuli, na mambo yao yakajulikana. Askari 6 wakanyongwa. Siku za mwizi ni arobaini.

Basi njaa ikazidi. Mwezi wa Novemba 1789 posho ilipunguzwa. Mwezi wa Aprili 1790 ikapunguzwa tena, hata mtu mzima akapata kilo 1 na kidogo tu ya unga kwa juma, na nyama isiyofika kilo 1. Usiku watu waliingia katika bustani za wenzao. Mtu mmoja aliyekamatwa bustanini mwaka ule alipigwa fimbo 300, akafungwa kwa mnyororo pamoja na wafungwa wengine wawili, akanyimwa unga miezi 6. Fikirini: aliyeiba kwa sababu ya njaa aliongezewa njaa. Na bustani ziliendelea kuibiwa.

Fimbo ilikuwako, kamba ilikuwako, na wizi ulikuwako. Sasa tutazame mambo yaliyosaidia.

La kwanza ni kulinda pamoja. Mwezi wa Agosti 1789 walichaguliwa wafungwa 12 kuwa walinzi wa usiku. Wakagawanywa mafungu 4, kila fungu na mtaa wake. Watu walistaajabu: wezi watalinda wezi? Lakini walijua njia za mwizi, na walijua nani hayumo nyumbani mwake usiku. Wizi wa usiku ukapungua. Wakulima, shamba la mtu mmoja lililo peke yake mbali porini ni chakula cha mwizi. Mashamba yaliyo karibu karibu hulindwa kwa zamu.

La pili ni kugawa kwa haki. Siku za njaa ile gavana Phillip alitoa unga wake mwenyewe, akautia katika chakula cha wote, akasema mezani pake hapatakuwa na zaidi ya posho ya kila mtu. Mkubwa anayeshiba mbele ya wenye njaa anawafundisha kuiba.

La tatu ni kumsikiliza kila aliyepotewa na mali, hata akiwa mtu mdogo. Mfungwa Henry Kable na mkewe Susannah walikuwa na mzigo wa nguo na vitu walivyopewa kwa huruma ya watu. Mzigo ukapotea katika merikebu. Mwezi wa Julai 1788 wakamshtaki nahodha. Kable alikuwa mfungwa kwa kosa la wizi, lakini baraza la hukumu halikumwambia: wewe mwizi, nyamaza. Lilimwamuru nahodha alipe paundi 15. Mtu anayejua kwamba mali yake inalindwa, anajifunza kuheshimu mali ya mwenzake.

La nne ndilo kubwa: kulima. James Ruse alihukumiwa Uingereza mwaka 1782 kwa kuvunja nyumba na kuiba saa mbili za fedha. Mwezi wa Novemba 1789 gavana alimpa shamba la kujaribu. Alichoma miti iliyoanguka, akachanganya majivu na udongo, akalima polepole, akaponda mabonge, akafukia majani, akaacha udongo upate jua na hewa, kisha akageuza tena kabla ya kupanda. Mabua ya ngano alikusudia kuyafukia mashimoni pamoja na kila kitu kinachooza, yawe mbolea. Ndiyo kazi ile ile tunayowafundisha. Mapema mwaka 1791 alisema hataki tena posho ya ghala. Mwaka ule ule akapewa shamba liwe lake, karibu hektari 12. Mkono uliovunja nyumba ulishika jembe, kwa sababu mavuno yalikuwa yake.

La tano ni juu ya wanunuzi. Wenyeji wa nchi ile waliishi kwa kuvua samaki na kuwinda. Mabaharia walipenda kununua mikuki yao, ngao na nyuzi za kuvulia, wapeleke Ulaya. Basi wafungwa wakaviiba na kuwauzia. Wanunuzi wengine waliadhibiwa, lakini biashara haikukoma. Mwenye mkuki alikosa nyama, aliyefurahi ni mnunuzi. Ninyi nanyi, mtu akikuletea usiku jembe au kuku kwa bei ya bure, usiseme nimepata bahati. Uliza: kimetoka wapi? Pasipo mnunuzi, mwizi hubaki na mzigo wake mikononi.

Mwaka 1791 mfungwa mmoja aliiba vyombo vya kuvulia vya mwanamke mwenyeji, jina lake Daringa. Gavana aliamuru mwizi apigwe fimbo mbele ya wenyeji, waone haki. Lakini Daringa mwenyewe alilia machozi, na mwanamke mwingine, Barangaroo, akashika fimbo amtishe mpigaji. Hawakupendezwa na damu. Na nyuzi ni maisha ya mvuvi: mgongo wa mwizi ukipasuka, samaki haingii mtumbwini.

Neno moja halifai kunyamaziwa. Waliohukumu wezi wa unga walikaa juu ya nchi ya watu wengine, bila kuinunua na bila kuomba. Shamba la Ruse nalo lilikuwa katika nchi hiyo. Wakubwa walisema nchi ilikuwa kama haina wenyewe. Mwaka 1992 baraza kuu la hukumu la Australia, katika shauri la Mabo, lilikataa neno hilo. Miaka 204 ilikuwa imepita. Mali iliyochukuliwa bila haki haisahau mwenyewe.

Basi wakulima, shikeni haya. Pandeni zaidi ya mnavyokula, na mpande mapema. Lindeni pamoja. Msinunue kitu kisichojulikana kimetoka wapi. Aliyepotewa asikilizwe, awe tajiri au maskini. Mwizi akikamatwa, arudishe alichochukua, au alime sehemu sawa na hiyo katika shamba la mwenyewe. Ndipo aliyeibiwa apate kula. Na kijana asiye na shamba apewe mahali pa kulima kabla hajajifunza njia ya usiku.