Gasketi Inayoungua Mara kwa Mara

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za ugonjwa mmoja wa motakaa ndogo zilizozeeka, ambao huwatia hasara wenye motakaa wa Mbulu na Hanang. Gasketi ya hedi huungua, fundi huweka mpya, na baada ya miezi michache huungua tena. Kila gasketi ni mbuzi aliyeuzwa, au mahindi yaliyouzwa kabla ya bei kupanda. Na motakaa ikifa njiani ikimchukua mgonjwa kwenda hospitali ya Haydom, hasara yake yaweza kupita fedha.

Kwanza tujue gasketi ni nini. Injini ina sehemu mbili kubwa: chini ni bloku yenye silinda, na juu ni hedi, mfano wa kifuniko. Kati yao hulala gasketi, bamba jembamba lizuialo moto wa silinda, maji na oili visichanganyike. Katika motakaa nyingi ndogo, kama Toyota Starlet za miaka ya 1990, bloku ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya alumini. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma hicho. Injini ikichemka kupita kiasi, hedi hutaka kutanuka, lakini boliti zimeishika, basi hupinda. Kwa hiyo gasketi mara nyingi si mkosaji, bali ni mwenye kuuawa. Anayeibadilisha bila kumtafuta muuaji atarudi dukani tena.

Dalili zake ni hizi. Maji hupungua wala hayaonekani kumwagika. Oili hugeuka rangi ya maziwa. Moshi mweupe hutoka kwa wingi hata injini ikiisha kupata moto. Ukiwasha injini iliyopoa huku mfuniko wa rejeta umefunguliwa, mapovu hutoka mfululizo bila kukoma. Fundi mwenye kipimo cha mgandamizo akipima silinda, akaona mbili zilizo jirani zina nguvu kidogo kuliko nyingine, yafaa ashuku kuwa gasketi imekatika kati yake.

Sasa tutafute chanzo. Tuanze na maji, kwa kuwa nchi yetu ina milima. Anayepanda Magara hutoka bonde la Ziwa Manyara, penye kimo cha mita kama 1,000, akafika nyanda za Mbulu zipitazo mita 1,700. Hupanda polepole kwa gia ndogo. Injini hufanya kazi nyingi na upepo ni kidogo. Tena, katika kimo cha Mbulu maji yaliyo wazi huchemka penye digrii 94 hivi, wala si 100. Mfuniko mzima wa rejeta huyafungia maji kwa nguvu, yakaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Mfuniko ambao springi yake imelegea hauwezi kazi hiyo. Kitu hicho kidogo chaweza kuiua injini nzima.

Baada ya mfuniko, tazama rejeta. Maji ya chumvi huacha ukoko ndani ya mirija yake, na vumbi na mbegu za majani huziba nje. Tazama pampu ya maji na feni. Tazama na themostati, kile kilango kifungukacho maji yakipata moto. Wengine hukiondoa wakidhani wanaisaidia injini. Yafaa kuweka kizima, si kuacha pakiwa wazi.

Chanzo cha pili ni hedi yenyewe. Ikiisha kufunguliwa, isafishwe, kisha fundi aweke juu yake rula ya chuma iliyonyooka, apime nafasi iliyo chini kwa vibamba vyembamba vya kupimia. Katika injini nyingi nafasi isipite milimita 0.05 hadi 0.10; na 0.10 ni unene wa karatasi moja tu. Jicho haliwezi kuona hayo. Ikiwa imepinda, ipelekwe karakana yenye mashine ya kuisawazisha, na itazamwe kama ina ufa. Uso wa bloku nao upimwe.

Chanzo cha tatu ni mkono wa fundi. Mabaki ya gasketi kuukuu yakibaki, au maji yakikaa katika matundu ya boliti, hedi haitakazwa sawasawa. Boliti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na kwa spana ionyeshayo kipimo cha nguvu. Boliti zilizorefuka zisirudishwe.

Neno jingine: msiitupe gasketi kuukuu. Ikiwa imeungua kati ya silinda mbili, shukuni joto kupita kiasi au hedi iliyopinda. Ikiwa imeoza kando ya tundu la maji, shukuni kutu na maji mabaya.

Na mshale wa joto ukipanda mlimani, simameni, zimeni injini, ngojeni ipoe. Msifungue rejeta yenye moto, kwa maana mvuke wake huunguza uso. Wala msimwage maji baridi juu ya injini iliyochemka, kwani hedi yaweza kupasuka.

Dalili ya mvua ni mawingu. Basi, kabla ya kununua gasketi nyingine, mwulizeni fundi: ile ya kwanza iliuawa na nini? Asiyeweza kujibu, asiifunge hedi bado.